Hapsikodi Ndogo ya Kiitalia: Dalili, Chanzo na Tiba

Hapsikodi ni ala ya vibonyezo kama piano, ila nyuzi zake huchunwa badala ya kugongwa. Ile ya Kiitalia imejengwa nyepesi sana kuliko ile ya Flandasi (Ubelgiji ya leo) au Ufaransa. Kuta zake za mberoshi (saiprasi) zina unene wa milimita 4 hadi 5 tu, na ubao wa sauti mara nyingi ni milimita 2.5 hadi 3. Hata hivyo sanduku hilo jembamba linabeba mvuto wa nyuzi 90 ambao jumla yake hufika kilo 250 hadi 300. Kwa sababu hiyo dalili huonekana mahali pamoja na chanzo kikawa kwingine. Kijiti kinakwama kumbe gogo la pini limesogea. Sauti inavuma kumbe ubavu mmoja, yaani fito inayoimarisha ubao wa sauti kwa chini, umebanduka upande wa pili wa ubao.

Kosa linaloharibu ala nyingi ni kuongeza mbao. Ubao wa sauti ukizama, fundi anabandika ubavu mnene. Nyuzi zikikatika, anaweka nyuzi nene zaidi. Ukuta ukipinda, anatia mhimili. Kila dawa ya namna hiyo inapunguza sauti na chanzo kinabaki palepale. Pima kwanza, ujue ni kipimo gani kimepotea, kisha ukirudishe.

Majina tutakayotumia ni haya. Gogo la pini ni mbao nene ya mbele, kwa kawaida ya mjozi, inayoshika pini za kutuni. Nyuma yake kuna mwanya, na ndani ya mwanya imekaa rejista, yaani reli yenye matundu ambamo vijiti hupanda na kushuka. Nyuma ya mwanya kuna mhimili wa mbele, ambao ubao wa sauti umeegemea. Kila kijiti kina ulimi unaozunguka kwenye kipini cha waya, na ulimi umebeba risha inayochuna uzi, kazi ileile ya risha ya kanuni au udi katika taarab. Daraja kubwa liko juu ya ubao wa sauti na daraja dogo liko juu ya gogo la pini. Ala tunayoizungumzia ina urefu wa mita 2 hivi, seti mbili za nyuzi za futi 8 (yaani zinazolia kwa kimo cha kawaida), na sauti 45 kuanzia C hadi c3 yenye oktava fupi upande wa besi, itakayoelezwa mwishoni.

NYUZI ZINAKATIKA WAKATI WA KUPANDISHWA

Tazama kwanza uzi umekatikia wapi.

Ukikatikia penye kitanzi, kitanzi kimesokotwa vibaya: upande mmoja wa waya ulibaki umenyooka na mwingine ukauzunguka, hivyo mzigo wote umebebwa na mmoja. Sokota pande zote mbili pamoja kwa pembe sawa, mizunguko 6 hadi 8, halafu umalizie kwa mizunguko mitatu minne iliyobanana. Ukikatikia penye pini ya daraja, pini ina ukingo mkali uliobaki ilipokatwa. Ichomoe, isugue kwa msasa laini na kuirudisha. Ukikatikia penye pini ya kutuni, waya ulikunjwa kwa koleo au ulinyooshwa baada ya kukunjika. Brasi iliyovutwa ikawa ngumu haivumilii kukunjwa mara mbili mahali pamoja. Tupa kipande hicho, anza na kingine.

Nyuzi zikikatika ovyo katikati, au eneo zima likakatika, tatizo ni urefu wa nyuzi kwa sauti unayoitaka. Hapa hesabu husaidia kuliko kubahatisha. Chukua c2, yaani C iliyo oktava moja juu ya C ya katikati. Zidisha urefu wake kwa mita mara 2, zidisha kwa mitetemo kwa sekunde, zidisha jibu hilo kwa lenyewe, kisha uzidishe kwa uzito wa brasi wa kilo 8,500 kwa mita ya ujazo. Kwa c2 ya milimita 280, na A iliyotuniwa kwa mitetemo 415 kwa sekunde, mitetemo ya c2 ni 494. Mara 2 ya 0.28 ni 0.56, mara 494 ni 277, na jibu la mwisho, likigawanywa kwa milioni moja, ni mkazo wa nyutoni 650 hivi kwa milimita mraba. Brasi nzuri ya njano inaumudu. Pandisha ala hiyohiyo hadi A ya 440 na mkazo unafika 730, karibu na mwisho wa uwezo wa waya mwingi. Ukiwa na c2 ya milimita 350, mkazo kwa 415 unazidi 1,000, na hakuna brasi itakayokaa.

Unene wa uzi haumo katika hesabu hiyo. Uzi mnene hukatika kwenye sauti ileile ambayo uzi mwembamba wa waya wa aina ileile ungekatika. Kilichobadilika ni kwamba umeongeza mvuto juu ya sanduku. Tiba za kweli ni mbili: kushusha sauti ya ala nzima, au kubadili aina ya waya. Ala za Kiitalia za karne ya 16 nyingi zina c2 ndefu inayozidi sentimita 30. Ukinakili ala ya namna hiyo, amua kabla ya kukata mbao kama itakuwa ya brasi kwa sauti ya chini au ya chuma laini kwa sauti ya juu. Waya wa chuma cha pua wa kisasa usiufikirie, maana kwenye ala fupi ya brasi unakaa ukiwa umelegea mno na sauti yake inakuwa ngumu na kavu.

Zikikatika nyuzi za juu kabisa tu, pima daraja. Karibu na c3 uzi una milimita 140 hivi, na daraja lililogandishwa milimita 5 nyuma ya mstari huongeza mkazo kwa asilimia 7. Kwenye c2 kosa lilelile halifiki asilimia 4, ndiyo sababu juu kunakatika na katikati kunapona. Chanzo cha kawaida ni mchoro: karatasi hutanuka kwa unyevu, na mashine ya kunakili haitoi kipimo kamili. Kila mchoro mzuri wa makumbusho una mstari wa kipimo uliochorwa pembeni. Upime mstari huo kwa rula ya chuma kabla hujahamisha nukta hata moja.

SAUTI HAIKAI

Tenganisha hali tatu. Waya mpya wa brasi hunyooka kwa wiki mbili tatu za mwanzo, na huo si ugonjwa. Ala nzima ikipanda au kushuka pamoja, sababu ni unyevu wa hewa: ubao wa sauti unavimba, unainuka na kulisukuma daraja, sauti inapanda, hewa ikikauka unashuka. Oktava za katikati husogea kuliko za juu kwa kuwa daraja la juu liko karibu na ukingo ambako ubao hauna nafasi ya kucheza. Kipima unyevu cha bei ndogo ukutani kitakuokoa na kazi nyingi ya bure. Weka chumba kati ya asilimia 45 na 55. Kwenye mwambao, Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, hewa ya kawaida huzidi kiwango hicho mbali sana, na bila mashine ya kukausha hewa ala hii haitatulia.

Uzi mmoja ukishuka peke yake huku jirani zake wametulia, ni pini. Pini za kihistoria ni za chuma, zimechongwa kidogo kuelekea ncha, na hazina hesi. Zinashika kwa msuguano tu. Ikiteleza:

1. Igonge kwa nyundo nyepesi iteremke milimita moja, huku gogo la pini likiwa limeegemezwa kwa chini. Usigonge gogo lililo hewani. Viungo vyake vya kando vitafunguka.
2. Ikiendelea, ichomoe, ipanguse mafuta ya mkono, ipake vumbi la chaki na uirudishe.
3. Ikishindikana, tumia pini iliyonenepa kwa milimita 0.1 au 0.2.

Zikiteleza nyingi kwa pamoja, matundu yalitobolewa na keekee ya kasi na kuta zake zikaungua zikawa laini na kung'aa. Pitisha rima ya mkono yenye mchongo uleule wa pini, taratibu, mpaka utoke unga usio na rangi ya kuungua, kisha weka pini nene kidogo. Gogo likiwa limepasuka kwenye mstari wa pini, ujue matundu yalipangwa juu ya mkondo mmoja wa mbao. Ufa mfupi hutiwa gundi na kubanwa. Ufa unaopita pini tano sita unataka gogo jipya. Jipya likipangwa, yumbisha matundu ili pini mbili zinazofuatana zisikae kwenye mkondo mmoja.

VIJITI: HAPA NDIPO PENYE KAZI

Malalamiko mengi ya mpigaji yanatoka hapa, na hapa pia ndipo fundi mwenye haraka anapoharibu zaidi, kwa sababu kila kipimo ni kidogo na kila kimoja kinagusa kingine. Fuata mpangilio mmoja daima: kijiti ndani ya rejista, ulimi, springi, risha, kitambaa cha kuzima sauti, na mwisho urefu wa kijiti. Ukianza kukata risha wakati kijiti chenyewe kinasugua, utarudia kazi yote.

Kijiti hakirudi chini. Toa nyuzi mbili za jirani kama zinakuzuia, kisha nyanyua kijiti kwa vidole na ukiachie. Kinapaswa kushuka kwa uzito wake mwenyewe. Kisiposhuka, kinasugua tundu. Nafasi inayotakiwa ni milimita 0.1 hadi 0.15 pande zote. Rejista ya Kiitalia ni ya kina kirefu, hadi milimita 50, imeungwa kwa vipande vidogo vilivyogandishwa kati ya fito mbili, na kwa kuwa haina reli ya pili chini, kina hicho ndicho kinachoshika kijiti wima. Tone la gundi lililobaki ndani linatosha kukikwamisha. Paka kijiti vumbi la penseli laini, kipandishe na kukishusha mara kadhaa, kitoe, utaona alama inayong'aa mahali kinaposugua. Kwangua hapo tu, kwa ukingo wa kipande cha kioo au wembe. Usitie mafuta wala nta. Vumbi litaganda, na baada ya miezi michache utakuwa na matundu 90 ya kusafisha.

Vijiti vya katikati ya rejista vikikwama vyote na vya pembeni viko huru, acha vijiti. Pima mwanya kwa kalipa kwenye ncha mbili na katikati. Mvuto wa nyuzi hulivuta gogo la pini kuelekea mhimili wa mbele, na mwanya uliopungua milimita moja katikati unaibana rejista. Rudisha mwanya kwa vipande viwili vitatu vya mbao ngumu vinavyosimama kati ya gogo na mhimili, vikiwa na unene kamili wa mwanya wa asili na vimekaa mahali visipogusa kijiti. Hiyo ni mbao ya kuongezwa kwa haki, maana inarudisha kipimo na haigusi ubao wa sauti.

Kijiti kinashuka lakini risha inabaki imelala juu ya uzi. Kibonyezo kinarudi, sauti ya pili haitoki. Hapa visababishi ni vinne na unavitenganisha hivi:

Sukuma ulimi nyuma kwa ncha ya sindano na uuachie. Ukirudi kwa uvivu, springi imechoka au kipini kinabana. Ukirudi kwa kishindo, springi ina nguvu mno, na risha haiwezi kuupita uzi wakati wa kushuka. Mafundi wa Italia walitumia unywele mgumu wa nguruwe au ukanda mwembamba wa brasi. Unywele unatakiwa uurudishe ulimi na usifanye zaidi. Ukiona una nguvu, badilisha uweke mwembamba. Kuupinda hakusaidii, kesho utakuwa umerudi vilevile.

Springi ikiwa sawa, tazama chini ya ncha ya risha. Ncha hukatwa kwa mshazari kutoka chini, pembe ya digrii 45 hivi, ili ikigusa uzi wakati wa kushuka iteleze. Ncha iliyokatwa wima inakaa juu ya uzi na kusubiri.

Ncha ikiwa sawa, tazama risha kwa ubavu. Ielekee juu kidogo sana au iwe mlalo. Ikiinuka sana inang'ang'ania. Ikiinamia chini inateleza bila kuchuna vizuri, na sauti inatofautiana kila ukibonyeza.

Vyote vikiwa sawa, tazama kitambaa cha kuzima sauti kilichobanwa kwenye ufa juu ya kijiti. Kikiwa chini mno, kijiti kinaning'inia juu ya kitambaa hicho kabla risha haijapita chini ya uzi. Kipandishe nusu milimita. Kikiwa juu mno, uzi unaendelea kulia baada ya kuachia kibonyezo.

Sauti haitoki au ni dhaifu. Risha inapaswa kuupita uzi kwa milimita 0.5 hadi 0.8. Pungufu ya hapo inakosa uzi siku hewa ikibadilika, na zaidi ya hapo kibonyezo kinakuwa kizito na risha inakatika mapema. Zikipungua zote za seti moja kwa kiasi kimoja, rejista imesogea pembeni na risha hazina kosa. Legeza kabari ya rejista kwenye ukuta, isogeze na uifunge tena.

Risha zinakatika. Unyoya wa kunguru ndio wa kawaida; unyoya mkubwa wa bawa hutoa risha tatu nne. Weka upande wa nje wenye mng'ao juu, maana ndio unaogusa uzi, na uchonge upande wa chini tu. Risha zikikatika kwenye shina, ulimi una tundu lenye ukingo mkali. Zikichanika kwa urefu, unyoya ulikuwa mkavu. Tone dogo la mafuta ya zeituni, lililopakwa kwa ncha ya unyoya mwingine mara moja kwa miezi kadhaa, huziongezea maisha. Plastiki ya asetali inadumu zaidi na wengi wanaitumia; anayeitaka sauti yenyewe ya ala hizi abaki na unyoya, kwa sababu mwanzo wa sauti ni mlaini zaidi na vidole vinauhisi uzi.

Kuchonga risha kwa ajili ya sauti ni kazi ya kisu kikali na kipande cha mbao ngumu. Kata utando mwembamba kabisa kutoka chini, karibu na ncha, sikiliza, rudia. Ukikata upande wa juu hata mara moja, umeipoteza.

Mguso ni mzito kama kuna ukuta. Seti mbili zinachuna kwa wakati mmoja. Bonyeza polepole sana usikilize: lazima zisikike mbili zikifuatana, ya pili ikija baada ya kibonyezo kushuka nusu milimita hadi milimita moja zaidi. Vijiti hivi havina skrubu ya kurekebisha. Kijiti kirefu kinapunguzwa mguuni kwa tupa laini. Kifupi kinabandikwa ukanda wa karatasi ngumu au wa mbao. Hakikisha pia kwamba risha ikitulia inakaa chini ya uzi kwa nafasi ya milimita moja hivi. Baada ya hapo weka ubao wa kuzuia vijiti, wenye kitambaa chini yake, kwa namna ambayo kibonyezo kinashuka jumla ya milimita 6 hadi 7. Ukiwa juu mno vijiti vinarukaruka na kugonga. Ukiwa chini mno seti ya pili haichuni.

VIBONYEZO

Kibonyezo kinachogusana na jirani, au kinachogonga kando, mara nyingi kimepinda kwa kuwa ubao ulikatwa vibonyezo kabla mbao haijatulia. Vibonyezo vyote hukatwa kutoka ubao mmoja. Uache ubao huo wiki kadhaa chumbani baada ya kupigwa randa, ndipo upige msumeno. Kilichopinda kidogo hupashwa moto juu ya bomba la chuma na kurudishwa kwa mkono.

Nyuma ya kila kibonyezo kuna ulimi mwembamba wa mbao unaopita kwenye ufa wa reli. Sauti ya kugongagonga ikisikika bila nyuzi kulia, ufa umepanuka. Gandisha ukanda wa ngozi nyembamba kwenye ulimi huo. Kikikwama wakati wa mvua tu, tundu la pini ya mizani limebana: lipanue kwa mbele na nyuma, kamwe si kwa kushoto na kulia.

Vibonyezo vifupi vilivyoinuka vilifunikwa kwa mbao nyeusi, na mpingo wa Tanzania na Msumbiji unafaa kabisa kazi hiyo. Una mafuta mengi lakini. Upige randa na uupanguse kwa spiriti mara tu kabla ya gundi, la sivyo vifuniko vitaanza kubanduka kimoja kimoja.

MVUMO WA SAUTI MOJA AU MBILI

Mtu mmoja apige sauti inayovuma, wewe bonyeza kwa kidole sehemu moja moja: ncha za daraja, waridi la ngozi na mbao katikati ya ubao, pambo la ukingo, ubao wa kuzuia vijiti, uzi wa jirani ambao kitambaa chake hakigusi. Mvumo ukikoma umepata. Waridi linalovuma hutiwa gundi nyepesi kwa brashi ndogo. Pini ya daraja iliyolegea huondolewa, tundu linajazwa kijiti cha mbao ileile, na pini inagongwa upya.

Ukibonyeza pote bila mafanikio, gonga ubao kwa kifundo cha kidole ukifuata mbavu zake. Ubavu uliobanduka hutoa mlio wa makaratasi. Ingiza gundi ya ngozi ya moto kwa kisu chembamba kupitia mwanya wa vijiti au tundu la waridi, na ubane kwa fito inayosukuma kutoka kwenye sakafu ya sanduku.

UBAO WA SAUTI UMEPASUKA, UMEZAMA AU UMENYAMAZA

Ufa unaofuata mkondo wa mbao una sababu moja karibu kila mara: ubao uligandishwa ndani ya sanduku wakati una unyevu mwingi. Ubao wa upana wa sentimita 70 unaopita kutoka hewa ya asilimia 60 hadi ya asilimia 35 hutaka kupungua milimita 3 hivi. Kingo zimeshikwa na gundi, basi unapasuka. Kwa hiyo siku ya kuugandisha, ubao na mbavu zake viwe vimekaa siku kadhaa kwenye asilimia 40 hivi. Ukisha gandishwa na hewa ikarudi kawaida, unainuka kidogo katikati, na umbo hilo ndilo linalobeba daraja.

Ufa usijazwe gundi pekee. Subiri msimu mkavu ufunguke kabisa, chonga utepe wa mberoshi au sprusi wenye mkondo uleule, upake gundi ya ngozi, uusukume ndani na kuusawazisha kwa patasi kali.

Ubao ukizama mbele ya daraja na kuinuka nyuma yake, nyuzi zinaliinamisha daraja kwa pembe kubwa mno. Weka rula ya chuma kando ya uzi na uone unavunjika kiasi gani juu ya daraja. Pembe ya digrii moja au mbili inatosha. Uzi unashikwa zaidi na mchepuko wa pembeni kwenye pini ya daraja. Tiba ni kuinua pini za nyuma zinazoshika vitanzi vya nyuzi, au kupunguza kimo cha daraja kwa randa ndogo, baada ya kulegeza nyuzi zote.

Sauti iliyonyamaza inataka kipima unene. Kama ubao una milimita 4, mbavu ni nene kama kidole, au juu umepakwa vanishi ya plastiki, umeshapata jibu. Saiprasi ya mashamba ya nyanda za juu za Kenya na Tanzania hukua haraka na pete zake ni pana; inafaa kuta, ila kwa ubao wa sauti chagua mbao iliyokua polepole, iliyopasuliwa kwa robo, pete zikisimama wima.

KUTA NA GUNDI

Ukuta uliopinda ukivunjika wakati wa kupindwa, tazama mkondo wa mbao kwa ubavu. Ukitoka nje ya uso kwenye sehemu ya mpindo, mbao hiyo haikufaa tangu mwanzo. Ukiwa sawa, basi ukuta ulikuwa mnene au mkavu: ushushe hadi milimita 4.5, lowesha uso wa nje, uegemeze ukanda wa bati kwa nje na uupinde juu ya bomba la chuma la moto. Pinda kupita kidogo umbo unalolitaka kwa sababu utarudi, na uuache umefungwa kwenye fremu siku tatu au nne.

Viungo vikifunguka miezi michache baadaye, ipasue gundi iliyobaki kwa ukucha. Ikiwa inang'aa na haikuingia kwenye mbao, iliganda kabla ya kubana. Gundi ya ngozi inalowekwa kwenye maji baridi, sehemu moja ya gundi kwa mbili za maji, kisha inapashwa moto kwenye chombo kilichokaa ndani ya maji hadi nyuzi joto 60 au 63. Ikipita 70 inapoteza nguvu. Mbao nazo zipashwe moto kidogo kabla. Gundi iliyooza inanuka, itupe.

Kuta zikijikunja juu, angalia kama mapambo ya ukingo yaliachwa. Yule mkanda mwembamba wa mberoshi juu na chini ya ukuta ni kiimarishi, na ukuta wa milimita 4 hauwezi kunyooka bila mkanda huo. Ala hizi pia zilikaa ndani ya sanduku la pili la nje lililo imara, na ziliweza kutolewa humo. Ukijenga ya ndani peke yake, ibebe kwa sakafu yake, usiishike kwa kuta.

YASIYO HITILAFU

Mpigaji mgeni atasema kibonyezo cha E cha chini kabisa kinalia C, F# kinalia D, na G# kinalia E. Ndivyo oktava fupi ilivyo. Atasema pia kwamba sauti inazimika haraka kuliko ya piano au ya hapsikodi ya Kifaransa. Ala ya Kiitalia hushika mwanzo kwa nguvu na kuachia mapema, na ndiyo sababu inasindikiza waimbaji vizuri. Na atakapoiona G# na Eb zikigombana, mwambie ala imetuniwa kwa mpango wa kale uitwao robo koma: kila tano (umbali kama wa C hadi G) kati ya 11 imepunguzwa senti 5.4 (senti ni sehemu moja ya mia ya nusu toni) ili tatu kubwa nane (umbali kama wa C hadi E) ziwe safi kabisa, na tano moja iliyobaki, ya G# na Eb, imezidi kwa senti karibu 36. Akitaka kupiga muziki wenye Ab, ipandishe G# iwe Ab kabla ya kuanza, uzi kwa uzi, kwenye seti zote mbili.